Hirizi na Hirzi: King'ora cha Gari Kinalinda Nini?

Neno hirizi liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko lina maana mbili zinazokaa pamoja: kitu kinachovaliwa ili kukinga madhara, na hali ya mali kuwa imehifadhiwa mahali pake. Kiswahili cha kila siku kilichukua maana ya kwanza: karatasi iliyoandikwa aya, ikakunjwa, ikashonewa ndani ya ngozi na kufungwa mkononi mwa mtoto. Maana ya pili ilibaki darasani, kwa walimu wa fiqhi, ambao husema hirzi wanapofundisha mlango wa wizi. King'ora cha gari kimesimama katikati ya maana hizo mbili. Kitu kinacholia mali inapoguswa, je, ni ulinzi wenyewe au ni alama tu ya kutamani ulinzi? Na kama kweli kinamzuia mwizi, kinamzuia kwa njia gani, na kinamwacha akiwa mtu wa namna gani? Maswali haya ni ya kale kuliko gari.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Kiini chake ni kisanduku kidogo cha kielektroniki kinachofichwa chini ya dashibodi na kupata umeme wa betri saa zote, hata gari likiwa limezimwa. Kisanduku hicho huletewa habari na sensa zilizotawanywa garini. Swichi ndogo kwenye fremu za milango, boneti na buti hukiarifu kwamba pamefunguliwa. Sensa ya mtikisiko hufungwa kwenye chuma. Ndani yake, mara nyingi, mna kipande cha kauri ambacho kikitikiswa hutoa umeme kidogo, na umeme huo ukivuka kiwango fulani kisanduku hukata shauri kwamba gari limegongwa au kioo kimevunjwa. Baadhi ya magari huongezewa sensa ya mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu, ambayo hugundua mkono ulioingia dirishani, na sensa ya mwinamo, inayojua gari linapoinuliwa kwa jeki au kuvutwa. Habari ikishafika, kisanduku huwasha king'ora kilichoko chini ya boneti na kuwasha na kuzima taa za pembeni. Sauti yake ni ya desibeli 110 hadi 120 hivi. Aliye karibu nayo huziba masikio bila kufikiri.

Rimoti nayo ina historia yake. Zile za mwanzo zilituma namba ile ile kila kitufe kilipobonyezwa, na mwizi mwenye kipokezi aliweza kuinasa namba hiyo pale maegeshoni, akaituma tena mwenye gari alipokwisha kuondoka. Dawa moja iliyoenea sana ilitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980, kwenye kampuni ya Nanoteq: mfumo wa KeeLoq, ambamo rimoti na kisanduku hubadilisha namba kwa pamoja kila mara, kwa hesabu inayojulikana baina yao tu. Kampuni ya Microchip ya Marekani iliununua mwaka 1995.

Sensa ya mtikisiko, katika alamu nyingi zinazofungwa na mafundi, ina skrubu ndogo ya kurekebisha ukali wake. Wenye magari wengi hawajapata kuiona skrubu hiyo, nayo ndiyo inayoamua mengi katika mada hii. Ikigeuzwa sana upande wa ukali, lori likipita gari hulia, radi ikipiga hulia, paka akirukia boneti hulia. Ikigeuzwa sana upande wa pili, kioo huvunjwa na gari likakaa kimya.

Kabla king'ora hakijalia hata mara moja, kipo kitu kingine kinachofanya kazi yake bila sauti. Ni kile kitaa chekundu kinachowaka na kuzima juu ya dashibodi usiku kucha. Kitaa hicho hakihisi chochote. Kazi yake ni kumwambia anayechungulia dirishani kwamba gari hili lina alamu, aende kwingine. Ndiyo maana madukani huuzwa vitaa visivyounganishwa na mfumo wowote, pamoja na stika za kubandika kiooni. Na kwa mwizi asiyeweza kutofautisha, kitaa kitupu kina nguvu sawa na kile cha kweli.

Msomaji wa pwani hatashindwa kulitambua jambo hili. Ni kago. Mwenye shamba huning'iniza kitu kwenye mnazi wake, na mpita njia anayekiona hujua kwamba nazi hizo zimekagwa. Akiiba, tumbo litamvimba au mkono utanasa. Mtu anaweza kuamini uganga huo au kuukataa, lakini namna unavyomzuia mwizi iko wazi: unamzuia kwa sababu mwizi ameamini. Nguvu ya kago iko kichwani mwa anayelitazama, na nguvu ya kitaa chekundu iko hapo hapo. Wala haifai kuidharau. Nazi zilizobaki mtini kwa sababu mwizi aliogopa ni nazi kamili. Ubaya ni kwamba kinga ya namna hii huvunjika siku anapokuja mwizi asiyeamini, na kwamba hata ikifaulu humpeleka mwizi kwenye shamba la jirani ambalo halikukagwa. Kosa haliondoki mtaani. Linahamishwa nyumba ya pili.

Hapo ndipo darasa la fiqhi linapokuwa na la kusema. Wanazuoni wengi wa Kiislamu walishurutisha kwamba adhabu iliyowekwa kwa wizi haimpati mtu mpaka awe amekitoa kitu ndani ya hirzi yake. Kikiwa kimeachwa ovyo, kukichukua ni dhambi na ni kosa linaloweza kuadhibiwa kwa njia nyingine, lakini si ule wizi uliokusudiwa. Wanazuoni wa Kidhahiri, Ibn Hazm akiwa mashuhuri wao, walilikataa sharti hili, wengine wakalishikilia. Ikumbukwe kwamba mahakama za kadhi za Zanzibar na Kenya hazihukumu wezi. Kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na yanayofanana na hayo. Kwa hiyo thamani ya mjadala huu kwa msomaji wa leo si adhabu. Ni ule uchambuzi wa makini wa maana ya kukilinda kitu.

Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kitabu kilichosomeshwa vizazi na vizazi ni Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Humo mali huhesabiwa kuwa imehifadhiwa kwa moja ya mambo mawili: uimara wa mahali ilipo, au jicho la mtu anayeiangalia. Kipi ni hirzi ya kitu gani huamuliwa na ada za watu, kwa kuwa zizi linalotosha kwa mbuzi halitoshi kwa dhahabu. Palipo wazi, kama jangwani au msikitini, jicho lazima liwe la kudumu. Mifano yao ni ya karibu sana na maisha. Mtu akilala msikitini juu ya nguo yake, au ameifanya mto, nguo hiyo imehifadhiwa. Akigeuka usingizini akaiacha pembeni, haimo tena katika hirzi. Mfano huu una asili katika kisa cha Safwan bin Umayya, aliyelala msikitini Madina na joho lake chini ya kichwa. Mwizi akalivuta, akakamatwa na kupelekwa kwa Mtume. Safwan alipoisikia hukumu alimwonea huruma yule mtu, akasema amempa joho lile liwe sadaka. Akaulizwa kwa nini hakufanya hivyo kabla hajamleta.

Shubiri moja ya kitambaa, basi, ndiyo tofauti kati ya kilicholindwa na kisicholindwa. Waliofikia udogo huo hawakuwa wakitafuta vijisababu. Waliona kwamba kulinda ni uhusiano hai baina ya mtu na kitu chake, na kwamba uhusiano huo unaweza kukatika bila mwenyewe kujua.

Lipo sharti jingine katika mlango huo huo, na kwa mada ya king'ora ndilo zito kuliko yote. Anayeangalia mali lazima awe na uwezo wa kumzuia mwizi, ama kwa nguvu zake ama kwa kuomba msaada. Washereheshaji wakaongeza: akiwa mnyonge ambaye mwizi hamjali, na mahali penyewe pako mbali na wasaidizi, mali hiyo haina hirzi hata kama jicho lake halikufumba. Ukelele umehesabiwa kuwa silaha halali ya mlinzi, lakini kwa sharti kwamba yupo wa kuusikia na kuja.

Likipimwa kwa kipimo hiki, gari lililoegeshwa barabarani lina hali ya ajabu. Mahali lilipo si imara. Ni njia ya kila mtu. Mwenyewe amelala ghorofa ya tatu. Kilichobaki ni mashine inayoweza kupiga ukelele na isiyoweza lingine lolote. Kwa hiyo mlinzi wa kweli wa gari lile ni jirani, pamoja na mlinzi wa usiku wa nyumba ya pili na mama anayefungua kibanda chake alfajiri. King'ora kimewateua wote kuwa walinzi. Hakuna aliyewauliza. Katika sheria za amana, mtu hafungwi na kitu ambacho hakukipokea. King'ora kinawakabidhi watu amana wakiwa usingizini, kisha kinatarajia waitimize.

Hata hivyo madai hayo si ya dhuluma moja kwa moja. Kuitika ukelele wa jirani ni katika haki za ujirani ambazo hakuna dini wala mila ya Afrika Mashariki inayozikataa. Mtu anayesikia yowe usiku akageukia ukuta amepungukiwa kitu, na anajua. Kinachozuka hapa ni swali la pande mbili: ikiwa anayesikia ana wajibu wa kuja, anayelia naye ana wajibu gani? Jibu haliwezi kuwa jingine ila kwamba ukelele wake uwe wa kweli. Kuita watu pasipo na shida ni kutumia haki yao ovyo. Akifanya mtoto hukanywa. Ikifanya mashine, kila usiku, mtaa mzima, hakuna anayejisikia kuwa amekosa.

Na mashine hufanya. Kila aliyeishi mjini anajua kwamba ving'ora vingi vya magari vinavyolia havina mwizi nyuma yake. Jijini New York kero hii ilifikia hatua ya kutungiwa sheria: king'ora cha gari kinatakiwa kinyamaze chenyewe ndani ya dakika 3. Mwaka 2003 shirika la Transportation Alternatives la jijini humo lilichapisha ripoti likitaka ving'ora hivyo vipigwe marufuku kabisa, kwa hoja kwamba vinasumbua wengi na havizuii wizi. Waswahili husema mwenye kelele hana neno. Mwizi mzoefu naye amelijua hilo. Sauti ambayo hakuna anayeinuka kwa ajili yake ni kifuniko kizuri cha kioo kinachovunjwa. Kila ukelele wa uongo hupunguza kidogo akiba ya watu kuitikiana, na akiba hiyo si mali ya mwenye gari. Siku mwanamke akikabwa kwenye uchochoro ule ule, sauti yake inawafikia watu ambao masikio yao yamekwisha kufundishwa kupuuza.

Upo pia upande wa pili, wa kutisha zaidi, pale watu wanapoitika. Katika miji ya Tanzania, Kenya na Uganda neno "Mwizi!" likipigwa usiku linaweza kumaliza uhai wa mtu ndani ya dakika chache, kwa mawe, kwa marungu, au kwa tairi na petroli. Mahakama huhesabu jambo hilo kuwa mauaji. King'ora kikilia na kijana akaonekana anakimbia, kundi hudhani limepata ushahidi. Kumbe mashine haikumwona mtu. Ilichosema ni kwamba kipande cha kauri kimetikisika kupita kiwango kilichowekwa na skrubu. Huenda kijana alikuwa akikimbia mvua. Torati, katika Kutoka sura ya 22, ilitofautisha mwizi anayevunja nyumba usiku na yule anayekutwa jua limeshachomoza: wa kwanza akipigwa akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu, wa pili akiuawa, hatia ipo. Wafafanuzi wengi wameisoma tofauti hiyo kwamba gizani mwenye nyumba hawezi kujua aliyeingia amekuja kwa nia gani, na mchana anaweza. Uhai wa mwizi una thamani hata mbele ya mali aliyoifuata, na anayeweza kujua hana ruhusa ya kutenda kama asiyejua. Sauti isiyojua inamlilia nani haiwezi kuwa hukumu ya mtu yeyote.

Kwa bahati njema, ukelele si njia pekee. Kifaa cha pili, ambacho wenye magari wengi hawajui kuwa wanacho, hakina sauti kabisa. Ni imobilaiza. Ndani ya plastiki ya ufunguo mna chembe ndogo isiyohitaji betri. Ufunguo ukiingizwa kwenye swichi, waya uliozungushwa pale huipa nguvu kwa mawimbi ya redio, nayo hujibu kwa namba yake. Kompyuta ya injini ikiitambua namba hiyo, gari huwaka. Isipoitambua, mafuta au cheche hazitolewi, na mwizi aliyevunja kioo na kuchokonoa swichi hubaki ameketi ndani ya chuma kisichosogea. Ndugu yake wa kienyeji ni kat-auti, ile swichi ambayo fundi huificha chini ya kiti au nyuma ya redio ili kukata umeme wa pampu ya mafuta. Hii, kwa lugha ya Nawawi, ni hirzi ya uimara wa mahali. Haimwiti mtu wala haimtegemei.

Umoja wa Ulaya uliilazimisha imobilaiza katika magari mapya mwaka 1998, Australia mwaka 2001, Kanada mwaka 2007. Wachumi wawili wa Uholanzi, Jan van Ours na Ben Vollaard, walipochunguza takwimu za nchi yao za mwaka 1995 hadi 2008 walikadiria kwamba kifaa hicho kilipunguza wizi wa magari kwa takriban asilimia 40, hata baada ya kuhesabu wezi waliohamia kwenye magari ya zamani yasiyo nacho. Si kwamba hakishindwi. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha ETH cha Zürich walionyesha jinsi mawimbi ya ufunguo usiochomekwa yanavyoweza kurushwa kutoka mfukoni mwa mwenyewe hadi kwenye gari lake, na magari yote 10 waliyoyajaribu yalifunguka na kuwaka. Lakini wizi wa namna hiyo unahitaji vifaa, ujuzi na mshirika. Umetoka mikononi mwa anayepita tu.

Marekani haikulazimisha imobilaiza, na yaliyotokea huko ndiyo mfano unaostahili kutafakariwa. Kwa miaka kadhaa, kuanzia matoleo ya 2011 hivi, aina nyingi za magari ya Hyundai na Kia yenye ufunguo wa kawaida ziliuzwa Marekani bila kifaa hicho, wakati Kanada, jirani wa mpakani, sheria ilikuwa imekwisha kukidai. Kufikia mwaka 2021 vijana wa Milwaukee walikuwa wameshagundua kwamba ukibandua plastiki ya usukani unaweza kuigeuza swichi kwa kichwa cha waya wa USB. Video zikasambaa TikTok. Wengi wa waliofanya hivyo hawakuwa wezi wa kuuza magari. Walikuwa watoto wa shule wanaotaka kuendesha usiku mmoja na kuonekana. Oktoba 2022, katika mji wa Buffalo, vijana wanne walikufa gari la Kia walilokuwemo, lililoibwa, lilipoanguka. Februari 2023 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitangaza kwamba ilikuwa imepokea habari za ajali 14 na vifo 8 vilivyohusishwa na wizi huo, na kwamba kampuni hizo zingetoa programu mpya bure kwa magari yapatayo milioni 8.3. Programu hiyo ilifanya mambo mawili: ilirefusha mlio wa alamu kutoka sekunde 30 hadi dakika 1, na ikafanya gari lisiwake bila ufunguo kuwa ndani ya swichi. Hata stika za kiooni zilitolewa.

Zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita, Agostino, kijana wa miaka 16 wa Thagaste, mji uliopo leo upande wa mashariki wa Algeria, aliingia usiku na wenzake kwenye shamba la jirani wakatikisa mpea na kubeba mizigo ya matunda. Kwao palikuwa na mapea mazuri kuliko yale. Waliwatupia nguruwe. Alipokuwa askofu alikirudia kisa hicho katika Maungamo yake kwa uchungu unaowashangaza wasomaji wengi, kwa kuwa wizi wenyewe ni mdogo. Kilichomtesa ni kwamba hakuwa na njaa wala haja. Alipenda kosa kwa kuwa ni kosa, na alijua kwamba akiwa peke yake asingelifanya. Vijana wa Milwaukee wanaelezeka kwa maneno hayo karibu bila kubadilisha kitu: usiku, wenzao, kicheko, na kitu kilichoachwa wazi. Kwa mtu wa namna hiyo adhabu ya baadaye haimo mawazoni. Cesare Beccaria aliandika mwaka 1764 kwamba kinachozuia kosa ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake, na hoja hiyo ni ya kweli kwa anayepiga hesabu. Kijana wa miaka 16 hapigi hesabu. Kinachomwokoa ni injini isiyowaka. Imobilaiza ingewalinda wale wanne wa Buffalo kabla ya kumlinda mwenye gari.

Hapa fikra ya hirzi inafunua upana wake. Wanafiqhi walipopunguza uzito wa kosa kwa kitu kilichoachwa ovyo, walikubali kwamba kishawishi kina sehemu katika dhambi na kwamba anayekiweka njiani ana la kujibu. Haina maana kwamba mwizi hana hatia. Maana yake ni kwamba kulinda mali ni wajibu unaomhusu pia yule ambaye angeiiba. Mzazi anayefungia pesa kabatini hafanyi hivyo kwa kumchukia mwanawe.

Swali la mwisho ni lile la Platoni. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri yake, Glaukoni anasimulia habari za Gige, mchungaji aliyeokota pete inayomfanya asionekane, na mara akamuua mfalme na kutwaa ufalme. Glaukoni anauliza: mwenye pete hiyo, nani angebaki mwadilifu? Aliyezuiwa na king'ora na aliyezuiwa na imobilaiza wote wawili wangeiba kama wangekuwa na pete. Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1797 kuhusu maadili, aliweka mpaka ulio wazi: sheria ya nje inaweza kudai tendo, haiwezi kudai nia. Gari halijaibwa, na mtu hajawa mwema. Huo ni ukweli, na ni kosa kukidai kifaa kifanye zaidi ya hapo kwa usiku mmoja. Wema hukua polepole, nao unahitaji mtu awe hai na nje ya gereza ili umfikie.

Kifaa kimoja kilicho tofauti na hivyo viwili kinafaa kutajwa. Kifaa cha kufuatilia gari kinachoitwa LoJack kilianza kuuzwa Massachusetts mwaka 1986. Hakikuwa na stika wala kitaa. Mwizi hakuweza kujua gari gani linacho, na polisi walilifuata kimyakimya. Ian Ayres na Steven Levitt, katika utafiti wao wa mwaka 1998, waliona kwamba katika miji mikubwa kila vifaa vitatu vilivyofungwa vilipunguza takriban wizi mmoja wa gari kwa mwaka, na faida kubwa iliwaendea watu ambao hawakukinunua. Mwizi hakuweza kukwepa gari moja akaenda la pili, kwa kuwa lolote lingeweza kuwa linamwona. Ni kinyume cha kago. Wacha Mungu huita muraqaba hali ya mtu kuishi akijua kwamba anaonwa pasipo kuona anayemwona. Kifaa hiki ni kivuli hafifu cha hali hiyo, kwani kinafundisha tahadhari na hakifundishi haya. Kwa upande wa haki ya jirani, hata hivyo, kinakizidi king'ora kwa mbali.

Katika mkusanyo wa Tirmidhi imo hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake ndipo amtegemee Mungu, au amwachilie tu na kutegemea. Aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Kufunga kunatajwa kwanza. Gari lenye imobilaiza au kat-auti limefungwa. Gari lenye king'ora peke yake halijafungwa. Limepewa sauti ya kuwaita watu, na linabaki ndani ya hirzi kwa kadiri watu hao wanavyoendelea kuja. Mwenye gari anayetaka waje anao wajibu mdogo unaotimizika: kikilia, atoke yeye kwanza, aangalie, na awaambie waliotoka kama kuna mwizi au hakuna. Kikilia usiku bila sababu, kesho yake asubuhi alipeleke gari kwa fundi umeme. Skrubu ya sensa hugeuzwa kwa bisibisi ndogo, na kazi yote huchukua dakika chache.